Goti la Radi

Kivuli alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mgongo ukutani, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Tangu alipokamatwa jana hakuwa amesema zaidi ya jina lake na mahali anapoishi mama yake.

Inspekta alivuta kiti, akaketi, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake. Mguu ule haukukunjika vizuri tangu siku alipoangukia chini ya wavu mbele ya uwanja mzima. Zamani hizo watu walimwita Nyundo, kwa namna alivyoupigilia mpira wa wavu upande wa pili, na sare ya polisi aliivaa siku za gwaride tu. Goti lilipokwisha, wakubwa walimpa kiti cha mapokezi, wakidhani atazeekea pale akijibu simu. Yeye akaomba kufundishwa upelelezi. Baadhi ya waliomcheka siku ile sasa humpigia saluti, naye huzipokea saluti hizo taratibu, bila haraka, kama mtu anayekula tunda alilolipanda mwenyewe.

"Utanyamaza mpaka lini?" aliuliza.

"Sina la kusema, dada."

"Inspekta," Koplo alimrekebisha kutoka mlangoni.

"Mwache. Dada inatosha." Inspekta alimgeukia tena kijana. "Nahodha wenu Radi alikutwa jana alfajiri sakafuni kwenye korido ya jimu, ameshika goti. Anasema amepigwa kwa chuma gizani. Wewe umeonekana unatokea mlango wa nyuma na mfuko mweusi. Mfuko uko wapi?"

"Niliutupa."

"Ulikuwa na nini?"

Kivuli aligeuza uso pembeni.

"Wewe ndiye mchezaji wake wa akiba. Asipocheza yeye fainali ya Jumamosi, unacheza wewe. Unaona wenzako wanavyofikiri?"

"Wafikiri. Fikra hazina kodi."

"Mligombana?"

"Yule kaka yangu. Ndugu gani hawagombani?" Kijana alitazama dirisha dogo la juu, kisha akashindwa kujizuia. "Anaendeleaje? Wanamwekea barafu? Waambie wasimkande kwa maji ya moto. Goti lake halipatani na moto, linavimba."

Koplo alicheka. "Sikia hii! Mvunja magoti amegeuka tabibu."

Inspekta hakucheka. Kivuli alikuwa ameuma mdomo wa chini na kuinamisha kichwa, na kuanzia hapo hata angebembelezwa kwa asali asingefunguka.

Nje ya mahabusu Mkuu wa kituo alikuwa akingoja, kofia kwapani. Kutoka barabarani zilisikika kelele za mashabiki waliokusanyika tangu asubuhi.

"Kesho namfikisha mahakamani," alisema. "Chuma kina alama za vidole vyake. Meneja wa timu alimsikia akitoa vitisho. Unataka nini tena? Kikulacho ki nguoni mwako."

"Chuma ni cha jimu, afande. Kila mchezaji anakinyanyua. Kingekosa alama zake ndiyo ningeshangaa."

"Na wale waliovunja bati la nyumba ya mama yake leo asubuhi, nao utawaambia hivyo? Mji unataka mtu."

"Nitawapa ukweli. Nipe mpaka jioni."

Mkuu alivaa kofia yake. "Jioni. Jua likizama, faili linakwenda."

*

Jimu ya timu ilikuwa nyuma ya uwanja: jengo refu lenye bati la buluu, vioo upande mmoja, na harufu ya jasho na mpira wa matairi. Meneja, mtu wa tumbo na miwani, aliwapeleka hadi kwenye korido iendayo bafuni. Ilikuwa nyembamba, watu wawili wakikutana, mmoja hupita kwa ubavu. Kuta zilikuwa nyeupe, rangi mpya.

"Hapa ndipo nilipomkuta," Meneja alisema. "Tena nusura nami nianguke. Sakafu ilikuwa na maji."

"Maji ya nini?"

"Labda ya kudekia."

"Mdekaji huja saa ngapi?"

"Mchana, baada ya mazoezi."

Inspekta aliinua macho darini. Pakavu, bila doa. Bomba la karibu lilikuwa ndani ya bafu, mwisho kabisa wa korido, nyuma ya mlango. Alichuchumaa kwa kuegemea ukuta, akaupitisha mkono sakafuni, akainuka akiwa ameuma meno kidogo.

"Koplo, lete chuma kama kile kilichochukuliwa."

Koplo alirudi na chuma kirefu cha kunyanyulia uzito.

"Mimi ni Radi. Natembea kuelekea bafuni. Nipige goti."

"Afande…"

"Polepole. Sina magoti ya akiba."

Koplo alishika chuma kwa mikono miwili, akakirudisha nyuma ili apate nguvu. Ncha iligonga ukuta kabla haijafika popote, ikabandua kipande cha rangi. Alijaribu kwa upande mwingine, ikagonga ukuta wa pili. Meneja alishika kichwa.

"Jamani, rangi yetu!"

"Samahani sana. Ila angalia vizuri," Inspekta alisema. "Mikwaruzo yote hii ni yetu. Kabla yake ukuta ulikuwa msafi kama shati la bwana harusi. Tena gizani, mtu anayepiga kwa hasira, asiache hata mkwaruzo?"

"Labda alimdunga kwa ncha," Koplo alisema.

"Labda. Basi ngozi ya goti itatuambia." Alimgeukia Meneja. "Sasa vile vitisho. Kivuli alisema atamvunja?"

"Ndiyo. Yaani, maana yake ndiyo hiyo."

"Sikuulizi maana. Nakuuliza maneno."

Meneja alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Walikuwa pale kwenye mizani, juzi. Mimi niko ofisini, mlango wazi. Kivuli akasema: 'Kaka, ukicheza Jumamosi hutatembea tena.' Kwa masikio yangu haya."

"Halafu?"

"Radi akamwambia afunge mdomo."

"Akaufunga?"

"Akaufunga. Akatoka nje anajifuta macho."

"Anayetishia ndiye aliyekuwa analia?"

Meneja alirudisha miwani usoni na kumtazama Inspekta kana kwamba swali hilo lilikuwa limewekwa mezani kwake tangu juzi, naye amekuwa akilifunika kwa karatasi.

"Ulipomkuta pale chini," Inspekta aliendelea, "ni yeye aliyeanza kusema amepigwa?"

"Nilimwuliza nani amekupiga. Akasema hakumwona, ni giza."

"Uliuliza nani amekupiga. Hukuuliza umekuwaje."

"Nahodha wangu yuko chini siku chache kabla ya fainali! Ungeuliza nini wewe?"

"Hilo hilo," Inspekta alisema. "Ndiyo maana sikulaumu."

*

Mke wa Radi aliwakaribisha kwa adabu, lakini kwa uso uliofungwa. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ngazi za mbao katikati, picha za Radi kila ukuta: Radi angani, Radi na kombe, Radi amebebwa mabegani.

"Naomba maji ya kunywa, mama," Inspekta alisema. "Ya baridi, kama yapo."

"Kaeni tu, nakuletea."

Lakini Inspekta alimfuata hadi jikoni. Friza ilikuwa kubwa kuliko friji. Ilipofunguliwa, haikuonekana nyama wala samaki. Ilikuwa imejaa barafu tupu: vifuko, chupa, hata bakuli za watoto zilizogandishwa hadi juu.

"Mna mgahawa?"

"Kuna joto."

"Na nyama mnaweka wapi?"

"Kwa jirani," mke wa Radi alijibu, kisha akagundua amejibu nini, akafunga mlango wa friza kwa kiwiko.

Inspekta alikunywa maji yake yote kabla ya kuuliza tena. "Bwana akitoka chumbani asubuhi, anashuka ngazi kinyumenyume?"

Mwanamke yule aligeuka ghafla. "Nani amekuambia?"

"Goti langu."

Walitazamana. Mke wa Radi alishusha macho hadi kwenye mguu wa Inspekta, uliokuwa umetangulizwa mbele kidogo kama kawaida yake. Alivuta kigoda, akaketi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema taratibu. "Nimemwimbia wimbo huo mpaka sauti imekauka. Lakini mimi ni mkewe, Inspekta. Kama kuna wa kumuumbua, asiwe mimi."

"Sikukuomba umuumbue. Umenipa maji, nimeshukuru."

Alipofika mlangoni mwanamke alimwita tena. "Yule kijana ni mtoto wa hapa hapa. Amekula kwenye meza hii miaka. Wanampa chakula huko ndani?"

"Anapewa."

"Na mama yake?"

"Bati lake wamelivunja."

Mke wa Radi aliziba mdomo kwa kiganja. "Mwambie mume wangu hilo," alisema. "Lingine usimwambie. Mwambie hilo."

*

Hospitalini Daktari hakutaka mchezo. "Siri za mgonjwa ni za mgonjwa," alisema. "Akikubali, utaangalia. Akikataa, utarudi na hati."

"Sawa kabisa. Nijibu moja lisilomhusu mtu yeyote. Msuli wa paja ukiachwa kutumika, unaanza kunywea lini?"

Daktari alishika kitasa cha mlango. "Si kwa siku mbili," alisema, akamfungulia mlango.

Radi alikuwa amekaa kitandani wima, mabega kama kabati, shuka imemfika kiunoni. Alipomwona mgeni uso ulimchangamka kabla hajakumbuka kwamba ni polisi.

"Nyundo mwenyewe! Shikamoo dada."

"Marahaba. Pole, nahodha."

"Nimeshapoa. Mmemkamata aliyenipiga?"

"Tumemkamata mtu. Utaniruhusu nione mguu?"

Aliduwaa kidogo, lakini kiburi hakikumruhusu kukataa. Alivuta shuka. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama tikiti. Juu yake kulikuwa na mchubuko mmoja, mwepesi, kama wa mtoto aliyeteleza uwanjani. Ngozi haikupasuka. Hapakuwa na alama ya chuma, wala ya ncha yake.

"Muuguzi," Inspekta aliita, "niazime utepe wako wa kupimia."

Alizungusha utepe kwenye paja la kushoto, juu kidogo ya goti, akaishika tarakimu yake kwa ukucha. Kisha la kulia. Hakutamka namba yoyote. Alimwonyesha tu Radi pale ukucha wake ulipokuwa na pale utepe ulipoishia sasa. Paja la kulia lilikuwa limenywea. Lilipungukia lile la pili kwa upana wa vidole vyake viwili.

"Unaniita mwongo?" sauti ya Radi ilipanda.

"Mimi nimekuja kupima paja. Neno hilo umelileta wewe."

"Dada, nakuheshimu, lakini usinifanyie hivyo. Mimi ndiye niliyepigwa!"

"Ile korido haina nafasi ya kumpiga mtu kwa chuma, nimejaribu. Sakafuni kulikuwa na maji pasipo bomba wala tundu darini. Barafu ilimwagika pale ikayeyuka. Kwako friza nzima ni barafu. Na Kivuli, swali la kwanza aliloniuliza ni kama mnakukanda kwa maji ya moto." Alikunja utepe, akamrudishia muuguzi. "Ni yeye aliyekuwa anakufunga bendeji kila asubuhi kabla wenzenu hawajafika. Alikuambia ukicheza Jumamosi hutatembea tena. Alikuwa anakuombea mguu wako, watu wamesikia vitisho. Yuko ndani tangu jana na hajalitaja goti lako kwa mtu yeyote. Mkuu wangu anampeleka mahakamani kesho. Mashabiki wako wamevunja bati la mama yake."

Radi alipepesa macho. "Bati?"

"Leo asubuhi. Alikuwa ndani."

Mtu yule mkubwa alijiegemeza kwenye mto kana kwamba amesukumwa. Muuguzi alijitoa chumbani kwa ncha za vidole.

"Lilivunjika lenyewe," Radi alisema. "Nilikuwa nimechuchumaa na uzito mabegani. Nikasikia ndani limefanya *ta*, kama kijiti. Kivuli akanivua uzito, akanilaza, akaniwekea barafu. Akaniambia kaka, basi, leo tumwite Daktari. Nikamfukuza. Nikamwambia achukue mfuko wake wa bendeji na barafu atoke kwa nyuma, mimi nitaoga, nitatoka nikitembea. Sikufika hata bafuni, nikaanguka koridoni, barafu ya gotini ikamwagika. Halafu Meneja akaja, akaniuliza nani amekupiga." Alicheka kicheko kikavu. "Aliuliza yeye. Mimi nikaitikia tu. Neno likatoka, likapanda gari, likafika redioni kabla mimi sijafika hapa."

"Na lilipomfikia Kivuli?"

"Kila saa nilijiambia watamwachia, hawana ushahidi." Alifuta uso kwa kiganja kipana. "Miaka yote wananiita Radi, dada. Umesikia wapi radi inaumwa goti? Nilitaka waseme niliangushwa. Nisionekane nimechakaa kama kiatu."

Inspekta alivuta kiti, akaketi upande wa mguu mbovu.

"Mimi nilianguka mbele ya watu wote. Nilichukuliwa nikipiga kelele, na jezi imenipanda kichwani. Hata uongo sikupewa nafasi ya kuuchagua. Nyumbani nilitazama dari mpaka dari likanichoka."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kukaa mapokezi. Siku moja akaja mzee aliyeibiwa ng'ombe, wenye kazi hiyo wakamfukuza. Mimi nikamsikiliza, kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia. Tukampata ng'ombe wake." Alitabasamu. "Nilivyotembea siku ile kurudi kituoni, na kuchechemea kwangu, ungedhani nimebeba kombe. Leo nikipita sokoni nusu yao wananiita Nyundo, nusu Inspekta. Naitikia yote mawili."

"Bado linauma?"

"Mvua ikinyesha."

Radi alilifunika goti lake kwa shuka. "Nitaandika maelezo mapya."

"Utayaandika. Ujue pia kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na mimi sitalifumbia macho kwa sababu nilikupigia makofi."

"Sitaki ulifumbie." Aliweka mikono kitandani, akaanza kujiinua. "Ila maelezo peke yake hayatoshi. Karatasi haiwezi kumrudishia mama yule heshima yake. Nipeleke kwa wale watu."

Daktari alikuja mbio na kiti cha magurudumu. Radi alikitazama kama mtu aliyetukanwa. Walivutana kwa maneno, mpaka Daktari akakubali magongo, kwa sharti la saa moja na Koplo amshike kiuno.

"Nishike," Radi alimwambia Koplo, "lakini usinibebe."

*

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa walipofika kituoni. Umati ulimwona Radi akishuka garini ukalipuka kwa shangwe. Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya akiwa amesimama mlangoni, akayasoma tena, kisha akamwambia askari wa zamu alete ufunguo.

Radi alipanda ngazi za kituo moja baada ya nyingine. Alipofika juu aligeuka. Hakuwa na kipaza sauti, hakuwahi kukihitaji.

"Hakuna aliyenipiga!"

Shangwe ilikatika kama redio iliyozimwa.

"Goti langu limekwisha. Limekwisha zamani, nikalificha. Jana nikaona haya kusema, nikasema nimepigwa. Kivuli hakunigusa ila kwa kunifunga bendeji. Amekaa ndani kwa ajili ya siri yangu. Na nyinyi mmekwenda kumvunjia mama yake nyumba, kwa jina langu. Kesho asubuhi nataka walioezua waje waezeke. Mimi nitakuwepo, sitaweza kupanda juu, lakini misumari nitashika."

"Mwongo!" sauti moja ilipiga kelele kutoka nyuma.

"Ndiyo," Radi alijibu. "Jana nilikuwa mwongo. Leo nimekuja mwenyewe."

Kivuli alitokea mlangoni, viatu havina kamba, shati limekunjamana. Alimwona Radi juu ya magongo, akamkimbilia, akapitisha bega lake chini ya kwapa lake kabla mtu hajamwambia, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi.

"Kaka, nani amekuruhusu kusimama?"

"Nyamaza," Radi alisema.

Umati ulipasuka katikati. Mama yake Kivuli alikuwa akija, mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa barabara kiunoni. Watu walimpisha wakiepuka macho yake. Alipanda ngazi. Alimgusa mwanawe shavu, akamgeuza kichwa huku na huku kuona kama ameumizwa. Kisha akamkabili Radi. Koplo alisogea hatua moja. Inspekta akamzuia kwa mkono.

Radi alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kofi.

"Mwanangu amelala kwenye saruji ili wewe usiaibike," mama alisema, kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Sasa usimwaibishe. Inua kichwa, wakuone."

Radi alivuta pumzi, akaliacha gongo moja likaanguka. Akamwegemea Kivuli upande ule, akanyoosha mgongo mpaka akawa mrefu kuliko wote waliokuwa pale, akawatazama watu wake usoni.